Mapendekezo ya mwezi huu: usichukue nakala ya kwanza unayoiona

Mwezi huu sikuletei orodha ya majina ya vitabu na nyimbo. Ninapendekeza pa kuvichukulia, na zaidi ya hapo, nakala ipi uchukue, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Mtu anapakua kitabu kizuri kwenye faili mbovu, anakiacha ukurasa wa ishirini, kisha anasema kinachosha. Kumbe kilichomchosha ni faili. Huduma zote ninazozitaja ni za bure na hazikulazimishi kujisajili ili usome au usikilize.

Kwa vitabu, pa kuanzia ni Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971. Kila kitabu kina aina kadhaa za faili. Ile ya maandishi matupu iache. Mistari yake imekatwa tayari kila inapokaribia herufi sabini na kitu, kwa hiyo kwenye simu unapata mstari uliojaa, chini yake mstari wa maneno mawili, halafu uliojaa tena, ukurasa mzima kama ngazi iliyong'oka vidato. Maneno yaliyochapwa kwa herufi za mlazo nayo yanakuja yamezungushiwa vistari vya chini, _namna hii_. Chukua EPUB3: humo maneno yanajipanga yenyewe kufuata upana wa kioo na ukubwa wa herufi unaoutaka. Programu ya kusomea ikiwa ya zamani na kuonyesha ukurasa mweupe, rudi kwenye orodha ileile uchukue EPUB ya toleo la nyuma.

Kabla ya kupakua, hata hivyo, angalia kama kitabu kipo Standard Ebooks, tovuti nyingine ya vitabu vya bure. Hawa mara nyingi huanzia kwenye maandishi ya Gutenberg, wakayalinganisha na picha za kurasa za kitabu chenyewe, wakarekebisha makosa ya uchapaji na kupanga sura upya. Mkusanyiko wao ni mdogo sana, lakini kitabu kikiwapo kwao mimi sikitafuti kwingine.

Tahadhari moja kuhusu tafsiri. Nchini Marekani, kitabu cha zamani kwa kawaida huwa huru kutumiwa na yeyote baada ya miaka 95 tangu kichapishwe, na tafsiri inahesabiwa miaka yake yenyewe. Mwandishi anaweza kuwa amefariki karne moja na nusu iliyopita, lakini tafsiri nzuri ya juzi bado ina mwenyewe, na ya bure utakayopewa ni ya enzi za mababu. Kukiwa na mbili, usizipime kwa ukurasa wa kwanza. Fungua sura ya katikati yenye watu wanaozungumza, usome aya ileile kwenye zote mbili. Mazungumzo ndiyo yanayopitwa na wakati upesi.

Vitabu vya kusikiliza viko LibriVox, ambako tangu 2005 watu wa kujitolea husoma vitabu vilivyo mali ya umma. Ukurasa wa kitabu unaeleza kama kimesomwa na mtu mmoja au na kundi. Kwa riwaya, chukua cha mtu mmoja. Kwenye cha kundi sauti, lafudhi na kipaza sauti vinaweza kubadilika kila sura, na mhusika uliyemzoea anageuka mtu mwingine. Kwa insha au mashairi haina shida. Kitabu kimoja kinaweza kuwa na usomaji zaidi ya mmoja, basi sikiliza dakika tano za sura ya tatu au ya nne: mwanzoni kila msomaji ana pumzi.

Sasa muziki, na hapa nitakaa kidogo. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, ina maelfu kwa maelfu ya santuri za zamani, zile za mizunguko 78 kwa dakika, zilizohamishiwa kwenye faili. Nyingi zimechezwa kwa sindano nne kwa mpigo, zenye upana wa 2.3, 2.8, 3.3 na 3.8 kwa kipimo cha elfu ya inchi, ndiyo maana wimbo mmoja una rundo la faili zenye majina marefu. Watu huona rundo hilo wakadhani ni marudio ya bure. Si hivyo. Sindano nyembamba inakaa chini kwenye mfereji wa santuri, nene inapanda juu ya kuta zake. Sindano za chuma za gramafoni za zamani zilikuwa zikikwangua kuta kwa kimo fulani, na sindano ya leo ikigusa pale palipokwanguliwa unasikia kama karatasi inayosuguliwa nyuma ya mwimbaji. Ikigusa juu au chini ya hapo, mwimbaji anatoka msafi. Hakuna upana unaofaa santuri zote.

Faili yenye jina fupi ndiyo iliyochaguliwa na fundi, na mara nyingi inatosha. Ukiona inakwaruza, jaribu nyingine, ila zilinganishe kwa sekunde thelathini za mwisho wa wimbo. Kule, karibu na katikati ya santuri, mfereji umebanwa na ndiko uchakavu unakojitokeza. Faili za sauti ambayo haijasawazishwa ziache, isipokuwa unajua kusawazisha mwenyewe: wakati wa kurekodi besi ilipunguzwa makusudi, kwa hiyo bila kurudishwa kila kitu kinalia chembamba kama redio ndani ya bati. Kabla ya 1954 kampuni hazikuwa na kipimo kimoja cha kuirudisha, ndiyo maana kuna zaidi ya usawazishaji mmoja.

Kasoro nyingine haisikiki kirahisi. Si kila santuri ya zamani ilirekodiwa kwa mizunguko 78 kamili. Ya mizunguko 74 ikichezwa kwa 78, wimbo unakimbia na sauti inapanda karibu nusu toni. Mwanamume mwenye sauti ya kati (bariton) anaanza kufanana na mwenye sauti ya juu (tenor). Mwimbaji akikushangaza kwa wembamba, punguza kasi kwa asilimia tano kwenye programu inayoshusha kasi na sauti pamoja. Zile zinazotunza sauti ilivyo hazisaidii hapa. Na kama masikio yako ni mapya kwa haya, anza na rekodi za umeme, yaani zilizorekodiwa kwa kipaza sauti, ambazo zilianza kutoka mwaka 1925. Za kabla ya hapo ziliimbwa mbele ya tarumbeta kubwa, na ngoma na besi ndani yake ni za kukisia.

Kwenye utamaduni nina kimoja tu: picha ya mchoraji Rembrandt, Doria ya Usiku ya 1642, kwenye tovuti ya jumba la makumbusho la Rijksmuseum la Amsterdam. Jumba hilo liliupiga picha mchoro huo kwa vipande 8,439 na kuviunga kuwa picha ya pikseli bilioni 717, iliyotolewa 2022. Mchoro wenyewe una karibu mita 3.8 kwa 4.5, na ukisimama mbele yake huruhusiwi kusogeza pua. Hapa unaruhusiwa. Kuza kwenye koti la manjano la luteni, kwenye darizi ya pindo: kwa mbali ni uzi wa dhahabu, kwa karibu ni matuta ya rangi nzito iliyopakwa kwa haraka, yenye nyufa katikati.

Kabla ya kufungua, zima mwanga wa usiku wa simu, la sivyo kila kitu kitakuwa cha kahawia. Picha inakuja kwa vigae, yaani vipande vidogo vidogo, na kinacholetwa ni kile tu kilicho mbele ya macho. Ukiona ukungu, tulia sekunde chache bila kugusa, maana kila unaposogeza unaomba vigae vipya. Vinakula bando vilevile. Fungua ukiwa kwenye wai-fai, na kwenye kioo kikubwa kuliko cha simu kama unacho.