Nyanya tamu kwa bustani ya nyumbani Dodoma: aina nilizopanda na ninazozirudia

Hukumu kwanza, maelezo baadaye. Kwa kachumbari na kula mbichi, Money Maker. Kwa mchuzi, Tanya. Kwa watoto, na kwa mtu mzima anayejifanya anakagua miche kumbe anadokoa, nyanya cheri. Chotara za F1, yaani mbegu za uzao wa kwanza wa aina mbili zilizochanganywa, zinazosifiwa kwa mavuno, nina maneno nazo, nitafika huko.

Naishi Ilazo na bustani yangu ni ule ukanda kati ya karo la kufulia na ukuta, pamoja na viroba kadhaa. Nasema hivyo ili mwenye ekari asije kunishambulia. Anayelima biashara ana hesabu zake. Nyanya nyingi tunazonunua Majengo au Sabasaba zimesafiri, na zile za Ilula huko Iringa zimekuja barabara nzima zikiwa kwenye tenga. Mkulima wake anachuma mapema ziive njiani, na anachagua aina yenye ganda gumu isiyopasuka ikilaliwa na wenzake. Simlaumu, ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo. Ila mimi nyanya yangu inasafiri kutoka karoni hadi jikoni, ganda gumu la nini? Ukienda duka la pembejeo ukauliza "ipi nzuri", muuzaji atakujibu ipi inazaa sana na ipi inakaa muda mrefu bila kuoza. Muulize ipi ina ganda jembamba na maji mengi. Atakushangaa kidogo, kisha atakupa kopo sahihi.

Ladha ya nyanya ni sukari, uchachu na harufu, na uchachu mwingi uko kwenye ule ute unaozunguka mbegu. Kwa hiyo nyanya ya nyama nene na ute kidogo, hata ikiiva vizuri, mbichi itapooza tu. Roma VF na Cal-J ziko kundi hilo. Kwa kusaga na kupika rojo nazipa heko, kwenye kachumbari hapana.

Money Maker ndiyo niliyokaa nayo zaidi. Tunda lake ni la mviringo, saizi ya kati, ganda jembamba, na ukilikata kisu kinalowa. Weka kitunguu, pilipili, chumvi na ndimu, na kabla nyama haijatoka jikoni bakuli limeshatoa mchuzi wake lenyewe. Ni aina ya zamani iliyotoka Uingereza zaidi ya miaka 100 iliyopita, na cha kuchekesha ni kwamba huko kwao wengi wanaiona ya kawaida tu. Naelewa kwa nini. Wao wanailea kwenye nyumba za vioo chini ya mawingu, sisi jua la Dodoma tunaliomba lipungue. Jani likipata jua la kutosha linatengeneza sukari, na aina ileile inakuwa kitu kingine kabisa.

Kazi yake lakini si ndogo. Inarefuka na haikomi, kwa hiyo utaisimikia nguzo, utaifunga kamba na utaondoa vichipukizi vinavyotokea kwapani mwa majani. Nguzo ziwe imara hasa, maana upepo wetu wa Julai na Agosti hauna utani. Pia inapasuka kirahisi: ukiiacha na kiu siku kadhaa kisha ukaimwagia ndoo nzima, kesho yake unakuta nyufa. Inaivisha kidogo kidogo kwa muda mrefu, jambo ambalo mkulima wa sokoni analichukia na mimi nalipenda, kwa sababu kila siku nahitaji nyanya chache tu.

Tanya ni yetu, ilitolewa na kituo cha utafiti cha Tengeru, Arusha, mwaka 1997. Ni fupi, imetulia, haisumbui. Mbichi ni ya wastani. Ikikaangwa na kitunguu mpaka mafuta yajitenge, hapo inajieleza, na kwenye mboga ya mlenda inashika vizuri bila kuleta maji mengi.

Cheri ndizo tamu kuliko zote, wala hakuna ubishani. Tunda dogo kwa kawaida linakusanya sukari zaidi, na mti wake unavumilia joto pale wakubwa wanapoanza kulalamika. Ubaya ni kuchuma, yaani unainama asubuhi nzima kupata bakuli moja, na nusu yake haifiki ndani. Mbegu zake madukani hazipatikani kirahisi kama hizo nyingine.

Sasa chotara. Niliyopanda sitaitaja, kwa kuwa ilifanya ilichoahidi: ilizaa mpaka matawi yakalala, na rasta, ule ugonjwa wa virusi unaoenezwa na inzi weupe, iliyokunja majani ya Money Maker pembeni yake haikuigusa. Ladha ndiyo haikuwepo. Nzuri kwa macho, mdomoni ni maji. Hata hivyo, kama kwako inzi weupe hawakosekani na rasta inakumaliza kila mwaka, panda chotara yenye kinga na usione aibu. Utamu wa nyanya iliyokufa haukusaidii.

Aina ni nusu ya habari, nusu nyingine ni msimu na maji. Oktoba na Novemba joto la hapa linadondosha maua, hivyo mimi nasia mvua zinapoelekea kuisha, Machi au Aprili, nile kipindi cha baridi. Maji ya bomba yana mgao na unapaswa kupanga nayo. Kumwagilia kwa kurukaruka ndiko kunakoleta kuoza kitako, kwa sababu chokaa haifiki kwenye tunda bila maji ya kuibeba, na aina za tunda refu kama Roma ndizo zinaumia zaidi. Samadi ya mbuzi iliyooza vizuri chini, matandazo ya majani makavu juu, na maji kidogo kwa mpangilio. Matunda yakianza kugeuka rangi napunguza maji polepole bila kukausha udongo. Hapo utamu unaongezeka wazi, jaribu tunda moja kabla na moja baada.

Kantangaze, yule nondo ambaye viwavi wake wanachimba majani na matunda ya nyanya, yupo, tangu aingie nchini mwaka 2014 hajaondoka. Kitalu nakifunika kwa chandarua, majani yenye njia nyeupe nayakata na kuyachoma, napulizia maji ya mwarobaini jioni. Kwa miche michache inatosha.

Usikimbie tunda lenye mabega ya kijani karibu na kikonyo. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba aina zilizochaguliwa ziive nyekundu sawasawa zilipoteza sehemu ya uwezo wa kutengeneza sukari kwenye tunda. Na friji haihitajiki, baridi inaua harufu. Acha ziive mtini, weka mezani, kula.

Money Maker na Tanya si chotara, kwa hiyo mbegu zake unaweza kuzihifadhi. Kamua na ute wake kwenye kikombe, acha ichachuke siku mbili tatu, osha, anika kivulini, ukichagua tunda lililokufurahisha mdomoni na wala si lile kubwa kuliko yote. Ukinunua, angalia lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na tarehe. Za chotara usihangaike kuzitunza, watoto wake hawamfuati mama.