Mafundisho ya wachumba Malindi: Jumamosi sita juu ya agano, posa na neno "bwana"

Kanisa moja mjini Malindi huendesha mafundisho ya wachumba kwa Jumamosi 6 mfululizo, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja na nusu. Ada ni shilingi 1,500 kwa wachumba wawili. Ndani yake mna kijitabu cha kurasa 40, chai ya maziwa na mahamri. Wanafunzi hutoka mjini, Watamu, Gede, Mambrui hadi Gongoni. Anayetoka mbali aondoke mapema, kwa sababu mwalimu hafungui kipindi upya kwa ajili ya waliochelewa, na mengi ya maana husemwa katika nusu saa ya kwanza.

Madarasa mengi ya aina hii hushughulika na bajeti, wakwe, watoto na mambo ya chumbani. Hapa hayo yote yamebanwa katika kipindi kimoja, na vipindi vinne vimetengewa swali ambalo kwingine hupewa dakika tano: Wakristo wanaposema ndoa ni mfano wa Mungu na watu wake, wana maana gani? Uamuzi huo unastahili sifa. Wachumba wengi husimama madhabahuni wakasomewa Waefeso 5, penye mfano wa Kristo na Kanisa, bila kujua mfano huo umetoka wapi, umepitia kwa nani, na unakomea wapi.

Kipindi cha kwanza kinaanzia Mwanzo 2:24 na kufika Malaki 2:14, ambapo mke anaitwa "mke wa agano lako". Tofauti ya mkataba na agano inaelezwa vizuri na kwa ufupi. Twende cha pili, maana ndicho kinacholipa ada yote.

Kipindi hicho ni cha Hosea, nabii wa karne ya 8 kabla ya Kristo katika ufalme wa kaskazini, ule ulioangushwa na Waashuru mwaka 722. Mwalimu anaanza na mambo yenyewe: Hosea anamwoa Gomeri, mke asiyekuwa mwaminifu kwake, kama mfano wa Mungu na watu wake, watoto wanapewa majina mazito, Yezreeli, Lo-ruhama yaani "asiyehurumiwa", na Lo-ami yaani "si watu wangu". Kisha anawafikisha wanafunzi kwenye Hosea 2:16 na kuandika ubaoni maneno mawili: Ishi, Baali. Biblia ya Muungano imeyaacha kama yalivyo katika Kiebrania: watu wa Mungu watamwita Ishi, hawatamwita tena Baali. Msomaji wa Kiswahili anapokutana na "Ishi" hudhani ni kitenzi cha kuishi, anapita. Kumbe Ishi ni "mume wangu", na Baali ni "bwana wangu", bwana kwa maana ya mwenye mali.

Hapo mwalimu anafanya jambo ambalo halimo katika kijitabu. Anaandika neno la tatu, bwana, halafu anawauliza wachumba walitumie katika sentensi. Bwana Yesu. Bwana arusi. Bwana wangu ameenda baharini. Bwana shamba. Na katika Biblia, BWANA kwa herufi kubwa, likisimama badala ya jina la Mungu ambalo Wayahudi hawalitamki. Neno moja limebeba Mungu, mume, mwenye mali na mtu yeyote wa heshima. Kiebrania cha Hosea kina nafasi ya kutenganisha mume na mmiliki, lakini katika Kiswahili cha kila siku vyote vimelala kitanda kimoja. Msichana aliyelelewa akimsikia mama akimwita baba "bwana", kisha kanisani akaimba "Bwana wangu", hana budi kufundishwa kwamba hao si mabwana wa namna moja. Somo hili linawahusu wanaowaza kwa Kiswahili, na mwalimu analifundisha kwa utulivu bila kumdharau mtu.

Marekebisho yapo, hata hivyo. Darasa huachwa na wazo kwamba baal, neno lililozaa Baali, ni neno baya kwa mume. Sivyo. Isaya 54:5, "Muumba wako ni mume wako", imetumia kitenzi cha mzizi huo huo, na jina Beula katika Isaya 62:4, yaani "aliyeolewa", limetoka humo humo. Sababu ya Hosea kulikataa inasemwa katika mstari unaofuata, 2:17: majina ya Mabaali yatolewe vinywani mwao. Watu walikuwa wamechanganya Mungu wao na mungu wa mvua wa Wakanaani, aliyeitwa Baali, kwa sababu ya jina. Mwalimu akiongeza hilo, somo litakuwa imara zaidi.

Sehemu ya mahari imefundishwa nusu, na ni hasara. Kijitabu kinasema, "Kristo alilipa mahari yetu msalabani." Maneno hayo yanapendeza masikioni, lakini Malindi watu watauliza mara moja: alimlipa nani? Kwa Wamijikenda mahari huenda kwa baba wa binti na ukoo wake, pamoja na pombe ya mnazi ya wazee. Ukiuchukua mfano huo mzima mzima utalazimika kumtafuta baba wa bibi arusi aliyepokea damu ya Kristo, na hakuna njia njema ya kujibu. Agano Jipya linatumia lugha ya kununuliwa na kukombolewa, kama 1 Wakorintho 6:20 na 1 Petro 1:18-19, lakini hiyo ni lugha ya kumtoa mtumwa, si ya posa. Hata Hosea 3:2, vipande 15 vya fedha na shayiri juu yake, ni kumkomboa mke aliyepotea. Mwalimu anapaita hapo mahari. Si mahari.

Mahari ya kweli katika kitabu hicho iko 2:19-20, na kijitabu kimeiruka. Mungu anasema atawaposa watu wake kwa haki, kwa hukumu, kwa fadhili, kwa rehema na kwa uaminifu. Hilo "kwa" la Kiebrania ndilo linalotumika kutaja mahari: Daudi anasema hivyo hivyo katika 2 Samweli 3:14 anapotaja alichotoa ili ampate Mikali. Basi vitu vitano ndivyo anavyoleta Mungu, na katika mistari hiyo hakuna baba anayevipokea. Anayepewa ni bibi arusi mwenyewe. Wachumba wa mji huu wana bahati ya kulielewa hilo upesi, kwa sababu jirani zao Waislamu wana mahari ya namna hiyo, ambayo ni haki ya mke na si ya walii, yaani anayemwoza. Dakika 20 za mazungumzo juu ya hapo zingefaa kuliko ukurasa mzima wa "Kristo alilipa".

Kipindi cha tatu, posa na arusi, kinapendeza kwa wenyeji kwa sababu hatua zake wanazijua. Uposaji wa Kiyahudi ulifunga: Mathayo 1:18-19 inaonyesha Mariamu ameposwa tu, na bado Yusufu alihitaji kumwacha kwa taratibu kana kwamba ni mke. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Wayahudi, inamruhusu bikira miezi 12 ya kujitayarisha kabla ya kupelekwa kwa mume. Kanisa limekaa katikati hapo, limeshaposwa na halijapelekwa. Paulo katika 2 Wakorintho 11:2 anajieleza kama mshenga, aliyeposa kwa niaba ya mwingine na sasa ana wivu wa kumfikisha binti salama. Yohana Mbatizaji, "rafiki yake bwana arusi" wa Yohana 3:29, ni msimamizi anayefurahi akisikia sauti ya mwenye arusi, kisha anakaa pembeni. Wasimamizi hualikwa katika kipindi hiki, na ni vyema waje, kwani wengi wao hudhani kazi yao ni kushika pete na kulinganisha sare.

Tahadhari moja. Mwalimu anafundisha kwamba Yohana 14:2-3, "naenda kuwaandalia mahali", ni desturi ya bwana arusi wa Kiyahudi kwenda kujenga chumba kwa babake mpaka baba aseme "sasa nenda". Mahubiri mengi husema hivyo. Sura yenyewe haitaji arusi hata mara moja, na mfano una mistari ya kutosha iliyo wazi: Marko 2:19-20, Mathayo 25:1-13 yenye wanawali 10 na bwana arusi aliyekawia, na Ufunuo 19:7-8, ambapo kitani safi ya bibi arusi ni matendo ya haki ya watakatifu. Kulazimisha Yohana 14 kunawafundisha wachumba kusoma vibaya.

Kipindi cha nne, cha Waefeso 5, ndicho dosari kubwa ya huduma hii. Kijitabu, ukurasa wa 22, kina jedwali la safu mbili, upande mmoja Kristo na Kanisa, upande wa pili mume na mke, mistari sita. Kristo huamua, Kanisa hutii. Mume huamua, mke hutii. Kristo hulisafisha Kanisa. Mume humrekebisha mke. Neno "akajitoa" liko mstari wa mwisho, kwa herufi zile zile ndogo. Wiki mbili tu zimepita tangu mwalimu asimame ubaoni akitenganisha Bwana na bwana. Jedwali limewarudisha kitanda kimoja.

Kosa linaanzia mahali pa kuanza kusoma. Wanafungua Waefeso 5:22, kwa sababu Biblia nyingi zimeweka kichwa cha habari hapo. Katika Kigiriki cha hati za kale, kama Papirusi 46 na Kodeksi ya Vaticanus, mstari wa 22 hauna kitenzi chake, unakiazima kwa mstari wa 21 unaowaambia wote wanyenyekeane katika kicho cha Kristo. Ukikata hapo katikati, umekata sentensi. Baada ya hapo, hesabuni: mistari ya 22 hadi 24 ni ya wake, mitatu, kuanzia 25 hadi 32 anayesemeshwa ni mume, minane, na wa 33 unawarudia wote wawili. Kisha angalia Paulo mwenyewe anavyoweka mipaka. Mstari wa 23 unamwita Kristo "mwokozi wa mwili", na mume haitwi hivyo. Mstari wa 26 unasema Kristo hulitakasa Kanisa, lakini kwa mume kinachofuata, katika 28 na 29, si kutakasa, ni kulisha na kutunza kama mtu afanyavyo mwili wake. Halafu 32: siri hiyo ni kubwa, naye ananena habari za Kristo na Kanisa. Ndoa ya watu inaelekeza kule. Haimpi mume kiti cha kule.

Kwa mwalimu atakayetumia kijitabu hiki kabla hakijachapwa upya, dawa ni rahisi. Chora safu ya tatu kwa kalamu, uandike juu yake "Mfano unakomea wapi", na wachumba wajaze kila mstari wakiwa na Biblia wazi. Mstari ambao Paulo hakuusema ufutwe. Kazi hiyo inachukua dakika 40 hivi.

Hosea naye ana sehemu ngumu ambayo darasa limeipita kimya. Katika 2:3 kuna vitisho vya kumvua mke nguo na kumwacha kama jangwa. Ni lugha ya nabii juu ya nchi itakayopatwa na ukame na uhamisho, na hakuna mume aliyepewa kibali humo. Isiposemwa wazi, mtu ataitumia. Upande mwingine, mwanamke anayepigwa huambiwa avumilie "kama Hosea", na hapo mfano umegeuzwa miguu juu: katika kitabu, aliyesalitiwa ndiye mwenye nguvu zote na amechagua kurudi. Kijitabu kinahitaji aya moja juu ya hilo, pamoja na kutaja kwamba Kenya ina Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 na kwamba mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi.

Kipindi cha tano, fedha na wakwe, ni cha kawaida. Cha sita ni cha ibada na makaratasi, kimepangwa vizuri. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, wote wawili wawe wametimiza miaka 18, mashahidi wawe wawili, anayefungisha awe na leseni ya Msajili, na ndoa ya Kikristo ni ya mke mmoja. Waliokwisha oana kimila, na hao ni wengi, wanaelezwa kwamba sheria hiyo inaruhusu kuibadilisha ndoa yao kuwa ya mke mmoja, mradi mume hana mke mwingine. Majina hutangazwa kanisani Jumapili 3, kwa hiyo anayemaliza darasa Jumamosi asipange arusi Jumamosi inayofuata.

Ukumbi una joto. Pangaboi ni mawili na moja halizunguki, kaeni upande wa dirishani. Kama mmoja wenu ni Mkatoliki, mwone padre wa parokia yake kabla ya kulipa, kwa kuwa kwao ndoa ya wabatizwa ni sakramenti na wana mafundisho na fomu zao. Cheti cha hapa pengine hakitatosha.

Kwa ada hiyo, kipindi cha pili na cha tatu peke yake vinatosha kulipia safari. Ombeni kuhudhuria vyote, na kwa kipindi cha nne nendeni na Biblia yenu, kalamu, na rula ya kuchorea ile safu ya tatu.