Apu ya kupiga picha swali la fizikia: aljebra safi, breki hamna

Wiki ya tatu sasa naitumia hii apu, unapiga picha swali yenyewe inakutolea jibu na hatua zake, jina silitaji sitaki kesi na mtu. Kusoma mwandiko iko vizuri aisee, na wangu mie ni kama kuku kapita na miguu ya wino. Aljebra nayo safi, haijanikosea hata mara moja.

Imekuja kuniangusha kwenye swali la magari mawili. Yanakuja uso kwa uso, moja 20 m/s lingine 30 m/s, madereva wanashtuka yakiwa yameachana mita 125 wote wanakanyaga breki kwa pamoja, kila gari linapungua 5 m/s kila sekunde, je yatagongana na kwa spidi gani. Apu haikuwaza hata kidogo, ikajumlisha kila kitu: 50t − 5t² = 125, t = sekunde 5, spidi ya kukaribiana sifuri, eti yanagusana tu taratibu hakuna ajali. Na namba imetoka nzimaaa, haina desimali, ukiiona hivyo unajua umepata. Nilishaanza kunakili.

Sasa nikaskroli chini kabisa kwenye grafu (sijui kwa nini wameificha huko) nikaona mstari wa lile gari la 20 umevuka sifuri umeenda chini, kwenye sekunde ya 5 liko −5 m/s. Yaani dereva kakanyaga breki mpaka gari likaanza kurudi rivasi! Breki gani hizo jamani.

Ukweli ni kwamba lile la 20 linasimama sekunde ya 4, limeshakula mita 40, basi limekaa hapo haliendi popote. Lile la 30 linataka mita 90 ndo lisimame, na zimebaki 85. Kwa hiyo v² = 900 − 2×5×85 = 50, v ni kama 7.1 m/s, karibu kilomita 25 kwa saa, kwenye sekunde ya 4.6 hivi. Hapo taa na bampa zimeenda, siyo kugusana.

Nikaiandikia "gari la kwanza linasimama sekunde ya 4", ikaomba radhi ikarekebisha vizuri tu na maelezo juu. Nikasema imeelewa. Nikaipa lingine, magari yanafuatana na la mbele linasimama kwanza, ikarudia kosa lile lile!

Nyota tatu, zote za aljebra. Kama unayo, kabla hujaamini jibu gawanya spidi ya kila gari kwa punguzo lake upate muda wa kusimama, t ya apu ikizidi wowote kati ya hizo ifute uanze upya kwa mkono.