Walibandua mikono ya watoto wetu: paketi ya mapambo ya majira ya kuchipua

Nilingoja hasira ipoe ndipo niandike, na haijapoa. Basi niseme mapema: kama unasimamia garderi au maternele, yaani shule ya watoto wadogo, hapa Lubumbashi, na unafikiria kuita lile duka la makaratasi la mjini lije kukupambia ukuta, usikubali fundi wao abaki peke yake chumbani. Jina la duka siliandiki. Paketi yenyewe ni habari nyingine, nitaifikia.

Mwaka wa masomo unafunguliwa Septemba, na Septemba ya kwetu mnaijua: vumbi jekundu kila mahali, joto la kiangazi kinachoisha, halafu jakaranda zinachanua na barabara nzima inageuka zambarau. Watoto wanaoletwa mara ya kwanza wanalia mpaka sauti zinakauka. Dawa yao ni kazi ya mikono. Ukimpa mtoto wa miaka mitatu kazi ya vidole vyake, anamsahau mama yake kwa muda, na muda huo ukirefuka kidogo kila siku, kilio kinaisha chenyewe.

Kwa hiyo tulitengeneza jakaranda yetu. Shina tulilikata kwenye mifuko ya simenti iliyopanguswa na kugeuzwa ndani nje, maana karatasi yake ya kahawia ina mikunjo inayofanana na ganda la mti. Kole, yaani gundi, tuliipika kwa unga wa muhogo. Maua yalikuwa viganja vya watoto: kila mmoja alichovya mkono kwenye bakuli la rangi, akaugandamiza juu ya tawi, nami nikaandika jina lake chini. Zambarau tuliipata kwa kuchanganya nyekundu na bluu, na kila bakuli lilitoa zambarau yake. Kuna mvulana aliyekataa kabisa kufungua vidole, akapiga ngumi, alama yake ikawa duara lenye mistari minne. Kwa mti ule hilo ndilo lilikuwa ua nililolipenda kuliko yote. Mti tuliubandika chini, usawa wa macho yao, wapate kuugusa wanapopita kwenda kunawa.

Ukuta wa upande wa mlango ulibaki mtupu. Wazazi wakachanga, tukanunua paketi: tulipu, vifaranga, mwana-kondoo, vipepeo, mbayuwayu, vyote vya kukata na kukunja. Ni majira ya kuchipua ya Ulaya, yanayoanza Machi. Wengine wanasema vitu hivyo havituhusu. Mimi sikuona shida, kwa sababu sisi tulio kusini mwa ikweta miti yetu inachipua Septemba hiyohiyo. Tokeni nje ya mji kidogo muone miombo inavyotoa majani mekundu kabla hata tone la kwanza la mvua halijaanguka. Duka likasema fundi wa kubandika yumo katika bei. Nilimwonyesha ukuta wa mlango kwa mkono wangu, huu, kuanzia hapa mpaka pale, kisha nikawapeleka watoto uani kunywa uji.

Tuliporudi, jakaranda haikuwepo.

Ilikuwa ndani ya mfuko wa takataka. Kole ya muhogo haibanduki kwa upole, kwa hiyo aliikwangua kwa ubapa wa chuma, na viganja vilitoka vipande vipande, hapa kidole gumba, pale nusu ya jina. Mahali pake palikuwa na tulipu, zimepangwa juu sana, mtoto hawezi kuzifikia hata akisimama juu ya kiti.

Nikamwuliza: «Papa, nani alikuambia utoshe bile bya batoto?»

Hakugeuka hata. «Mama mwalimu, byote bile njo buchafu. Muzazi akiingia anapashwa kuona kitu ya muzuri. Batoto batafanya ingine.»

Buchafu. Mbele yao. Watoto wa umri huo wanasikia kila neno, msidanganyike. Msichana mmoja mdogo, ambaye siku za kwanza alikuwa akilia kupita wote, alikwenda moja kwa moja mahali alipokuwa amebandika, akapapasa ukuta uliokwanguliwa, akaniangalia: «Mama, mukono yangu iko wapi?» Sikuwa na jibu. Yule fundi alikuwepo, alisikia, akaendelea kukata skochi, ule utepe wa kubandikia.

Sisi tuliosoma pedagojia tulifundishwa habari za Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka 1837. Kukunja karatasi, kukata, kusuka vipande vya karatasi, hizo zote alizipanga kuwa kazi za mtoto mwenyewe. Ni karibu miaka mia mbili sasa, na bado tunaletewa watu wanaodhani ukuta wa garderi ni wa kuwafurahisha wageni! Ukuta ule ni mahali ambapo mtoto anajiona kwamba yupo, kwamba jana alikuja na alama yake imebaki. Ukiibandua, umemwambia hakuja.

Na kazi yenyewe ilikuwa mbaya. Skochi ya pande mbili haishiki juu ya vumbi la Septemba bila kupangusa ukuta kwanza, kitu ambacho fundi yeyote wa mji huu anapaswa kukijua. Nusu ya tulipu zilikuwa chini kabla ya wazazi kuja kuchukua watoto. Palipolegea alichomeka punezi, vile vipini vya kuchomeka ukutani, tena nyingine chini kabisa, pale wanapotambaa wadogo ambao kila kitu wanakipeleka mdomoni. Nilizing'oa zote kwa kucha zangu.

Sasa haki itendeke. Paketi ni nzuri. Inaniuma kuandika hivyo, lakini ni nzuri. Karatasi yake ni nzito, haichaniki mtoto akirudia kukunja, na mistari ya kukata ni minene, hata mkono ambao haujazoea makasi unaifuata. Mbayuwayu ndiye aliyetushinda wote. Anakunjwa mara chache tu, mkia unachanika pacha, ukimtundika kwenye uzi karibu na dirisha anageuka na upepo. Na huyo si mgeni hapa: mbayuwayu wanaozaliana Ulaya wanakuja kukaa kusini mwa Afrika miezi ya mvua zetu, kisha Machi na Aprili wanarudi. Ndege wanayemngojea wao ndiye tunayempokea sisi. Niliwaeleza watoto hivyo, na kwa wiki nzima kila kitu kilichopita angani kilikuwa mbayuwayu, hata kunguru.

Kuna pia kiwavi wa kutengeneza kwa plato za mayai, yale makasha ya kupangia mayai. Unakata safu moja ya vikombe, mtoto anaipaka rangi, unatoboa pembe mbili. Kwenye picha ya paketi kiwavi huyo ana kofia na anatabasamu. Watoto wangu walimwona tu wakapiga kelele: «Vinkubala!», wale viwavi tunaowala hapa kwetu. Wakatengeneza vinkubala weusi, wenye madoa, wakavipanga kwenye sufuria ya kuchezea, wakavipika na kuvigawa kwa zamu. Sijawahi kuwaona wakishirikiana vile. Siku hiyo nilikuwa karibu kabisa kumsamehe mwenye duka, na kama ningeandika siku hiyo, ningewaambia mnunue bila wasiwasi, ila mkatae fundi tu.

Lakini nilimpigia simu. Nilitaka kitu kimoja: fundi arudi, akae na watoto kwenye mkeka, awaambie amekosea. Dakika tano, basi. Mwenye duka alinisikiliza kidogo, akacheka, na kicheko kile bado ninakisikia. «Mama, makaratasi tu njo inakulilisha? Tutakutumia paketi ingine ya bure.»

Makaratasi tu. Mtu anayeuza karatasi za watoto, riziki yake inatoka kwenye vidole vya watoto, anasema makaratasi tu! Hapo ndipo niliporudi nyuma katika yote niliyotaka kuwasifia. Mwenzangu wa Kampemba ameninong'oneza kwamba yeye alinunua akabandika mwenyewe, na ameridhika. Simlaumu, mbayuwayu ni yule yule. Mimi lile duka sitakanyaga, na nikiulizwa na mzazi nitamwambia aende soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, anunue karatasi za rangi, plato za mayai aokote bure kwa wauza mayai, kole apike mwenyewe.

Jakaranda tumeanza upya. Viganja vimeshakauka, na yule mvulana safari hii amefungua vidole viwili. Paketi ya bure ililetwa na mtu wa pikipiki, haikuambatana na neno lolote. Sijaifungua. Garderi yoyote ya Katuba au Kamalondo inayoitaka imtume mtu kabla ya saa sita, nitampa, ila punezi zilizo ndani nitazitoa kwanza.