Kabla ya Julai: ukapeleleze mbuga iliyoungua au mkuyu?

Msimu wa uwindaji wa kitalii Tanzania hufunguliwa Julai 1, basi Juni ndiyo kazi ya kupeleleza wanyama walipo: kwenye mbuga (uwanda wa nyasi) iliyoungua, au chini ya mkuyu wanakokula matunda.

Kwa gharama, mbuga iliyoungua yashinda. Katika miombo (misitu ya miti ya miombo), majani mabichi huchipua wiki chache baada ya moto wa mapema, na kwa darubini kutoka kichuguuni unakagua eneo kubwa bila kuligusa. Kongoni na palahala, wote jamii ya swala, huyafuata. Kasoro: majani yakikomaa na kukauka wanyama huhama, hivyo uyakague upya kila wiki. Na pahali pa wazi upepo ukigeuka wanyama watakunusa, umekwisha.

Mkuyu hauhami, ila hauna ratiba: mmoja umejaa matunda, jirani yake mtupu. Usihesabu matunda mabichi juu. Tazama chini dalili mpya: matunda mekundu yaliyotafunwa, alama za kwato zenye kingo kali, kinyesi kinachong'aa. Nenda saa sita mchana. Ukienda alfajiri utamkurupusha pongo, swala wa vichakani, kabla ya msimu. Nyani wakiwa juu, vizuri zaidi, maana huangusha mengi.

Mwenye gari na siku chache, anayetaka palahala, aanze na mbuga. Anayetembea kwa miguu akimtafuta pongo kando ya mto, mkuyu.