Gesi ya kucheka kwa wanaoogopa kung'oa na kuziba meno: inafaa kulipiwa?

Zipo kliniki za meno ambazo ukisema unaogopa, watakuuliza kama unataka gesi ya kucheka, yaani naitrasi oksaidi inayovutwa pamoja na oksijeni. Ni huduma nzuri, tena salama ikifanywa sawasawa. Kosa liko kwenye kuinadi: mgonjwa huambiwa hatasikia maumivu. Atasikia. Gesi hupunguza hofu. Maumivu ya kuchongwa jino yanazuiwa na sindano ya ganzi. Anayekataa sindano kwa kuwa ameshavuta gesi ndiye anayeruka kitini chombo kinapokaribia kiini cha jino, na hofu anayotoka nayo inakuwa kubwa kuliko aliyokuja nayo.

Jambo hili lina historia. Desemba 1844, mjini Hartford, Marekani, daktari wa meno Horace Wells alivuta gesi hii akang'olewa gego lake mwenyewe. Mwezi uliofuata alipoionyesha mbele ya watu Boston, mgonjwa alipiga kelele na Wells akazomewa.

Siku hizi gesi haitolewi tupu. Unavishwa kikombe laini puani, unavuta oksijeni peke yake dakika mbili tatu, kisha gesi inaongezwa kidogo kidogo, kama asilimia 10 kila baada ya dakika moja. Wengi hutulia kati ya asilimia 30 na 50. Vidole vinasisimka, miguu inakuwa mizito, sauti zinasikika kwa mbali, lakini uko macho na unajibu ukiulizwa. Ukianza kutoka jasho au kusikia kichefuchefu, gesi imezidi. Sema ipunguzwe hapo hapo, usivumilie. Kula chakula chepesi muda wa saa mbili hivi kabla, maana tumbo lililoshiba hutapika.

Inashindwa wapi? Mara nyingi puani. Mwenye mafua haipati. Anayeongea au kupumua kwa mdomo anachanganya gesi na hewa ya chumbani, halafu anadhani mashine ni mbovu. Na wapo wanaoogopa zaidi kufunikwa uso kuliko kuchongwa jino. Hao waombe kukishika kikombe na kukijaribu kabla hawajalipa. Isitumike kwa mwenye mimba ya miezi mitatu ya mwanzo, mwenye upungufu wa vitamini B12, mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, wala aliyefanyiwa upasuaji wa jicho karibuni akawekewa gesi ndani ya jicho.

Mwisho wa kazi lazima urudishiwe oksijeni tupu kwa dakika 5 au zaidi. Kliniki inayozima mtungi na kukuinua papo hapo inakutoa na kichwa kinachouma na kizunguzungu, na hiyo inatosha kuihama.

Sasa ganzi, maana hapa ndipo daktari anayejali anapojulikana. Jeli ya kupaka kwenye fizi hufanya kazi fizi ikikaushwa kwanza kwa pamba, kisha jeli ikaachwa dakika mbili hivi. Ikipakwa juu ya mate, inaoshwa na mate. Sindano yenyewe iingizwe taratibu, mililita 1 kwa dakika, hivyo kichupa cha mililita 1.8 kinachukua karibu dakika mbili. Kinachouma sana mara nyingi si ncha ya sindano, ni dawa kusukumwa kwa haraka ndani ya nyama iliyobana. Kwa gego la chini, mdomo kufa ganzi hakumaanishi jino limekufa ganzi. Kiini kinaweza kuhitaji dakika 10 hadi 15, na daktari anapaswa kulijaribu jino kabla ya kuanza. Penye usaha ganzi hushika vibaya kwa sababu nyama iliyovimba ina asidi. Waliodungwa ganzi wakiwa na usaha ndio wengi wanaosema "mimi ganzi hainishiki".

Jambo lingine lisiloelezwa: ganzi nyingi zina adrenalini (kemikali inayochochea moyo), na moyo unaweza kudunda kwa dakika chache. Asiyejua huona ni hofu imempanda.

Nani basi alipie gesi? Kipo kipimo cha maswali matano ambacho alama zake huanzia 5 hadi 25. Kuanzia 19 woga ni mkubwa, na hapo gesi inastahili gharama yake. Chini ya hapo, pesa hiyo itakufaa zaidi kwa daktari mwenye subira na sindano ya polepole. Kabla hajaanza, kubalianeni ishara ya kusimama: kuinua mkono wa kushoto, kwa kuwa daktari kwa kawaida hukaa kulia. Ijaribu wakati bado ameshika kioo tu mdomoni mwako. Asiposimama kwa kioo, hatasimama kwa mashine ya kuchonga.