Mifuko ya PICS ya kuhifadhi mahindi: nunua, ila kausha kwanza

Wakulima wenzangu, naulizwa sana kama hii mifuko ya PICS inafanya kazi kweli au ni biashara tu ya wenye maduka ya pembejeo. Mimi nalima mahindi na maharage kidogo huku Kongwa, nimeitumia misimu kadhaa sasa, na jibu langu ni nunua. Ila soma mpaka chini maana wengi wanaoilaumu wameitumia ndivyo sivyo.

Kwa ambaye hajaiona, ndani kuna mifuko miwili ya nailoni nzito isiyopitisha hewa, nje kuna kiroba kama hivi tunavyovijua. Dawa hakuna. Unajaza mahindi kwenye mfuko wa kwanza, unashindilia hewa itoke, unasokota shingo, unaikunja unafunga na kamba kwa nguvu zako zote, halafu wa pili hivyo hivyo, halafu kiroba. Wadudu waliobaki mle wanamaliza oksijeni, wanaacha kula na kuzaana, wanakufa. Ndo hivyo tu. Watafiti wa chuo kikuu cha Purdue cha Marekani walianza nayo Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde, kwenye mahindi imekuja baadae.

Na dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi, anajulikana jamani, yule ambaye alivyotokea kule Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wakamuita Skania, akiingia kwenye gunia anakuachia unga na maganda. Kwenye kiroba cha kawaida unapiga dawa ya unga, baada ya miezi unarudia, na hayo mahindi ndo watoto wanakula. Kwenye PICS nafungua Januari punje ziko nzima, hazinuki dawa, na mbegu ya maharage niliyoweka humo ikapandwa ikaota vizuri tu.

Faida yenyewe iko kwenye bei. Mwezi wa sita na wa saba kila mtu anavuna, madalali wanakuja na bei yao na lumbesa juu, yaani gunia la kujazwa kupita kipimo, unauza kwa sababu unaogopa wadudu. Ukiwa na uhakika wa stoo unauza kidogo cha ada ya shule, mengine yanasubiri bei ipande, na ukiyapeleka Kibaigwa sokoni mnunuzi akishika punje hana cha kukupunguzia.

Sasa hapa ndo naomba mnisikilize vizuri. Mfuko hauponyi mahindi mabovu. Ukiweka mahindi yenye unyevu, umeyafungia unyevu humo humo, yataharibika. Na fangasi ndo wanaleta sumukuvu, hiyo haionekani kwa macho na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 hapa Dodoma na Manyara watu karibu 20 walikufa kwa sumukuvu, si hadithi ya mbali hiyo, na mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu hiyo hiyo, magari yakakwama mpakani. Kwahiyo anika juu ya turubai, usianike chini kwenye udongo, chambua yaliyooza, unyevu usizidi asilimia 13.5. Huna kipimo? Chukua chupa ya kioo iliyokauka, weka mahindi kiasi na chumvi kavu, tikisa kama dakika mbili tatu, chumvi ikiganda kwenye kioo bado hayajakauka, rudisha juani.

Mapungufu yapo. Bei ni mara kadhaa ya kiroba cha kawaida, kwa mwenye gunia arobaini inauma, japo usipoitoboa unaitumia tena msimu unaofuata. Panya ni adui mkubwa, tundu moja tu kazi yote imeisha, kwahiyo weka juu ya chaga mbali na ukuta na fuga paka. Mabunzi na vijiti vitoe kabla ya kujaza, vinatoboa. Na kuna mifuko feki mitaani, nailoni nyepesi kama ya mkate, jaza upepo kwanza uukande uone kama unavuja kabla hujatoa hela.

Ya chakula cha nyumbani chukua ya kilo 50, maana ukiwa unafungua ule wa kilo 100 kila wiki unaingiza hewa na wadudu ambao hawajafa bado wanaamka.